Fungueni Makabati ya Ankara

Ndugu zangu mnaotumika katika serikali za kaunti zote 47 za Kenya, sheria mnaidai kwa wananchi kila kukicha. Leo nawasihi muitii ninyi kwanza! Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilitamka wazi kwamba jengo la biashara, kiwanda au taasisi likitumia uniti 180,000 za stima kwa mwaka, lifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa itekelezwe. Hospitali ya umma ni taasisi. Makao makuu ya kaunti ni taasisi.

Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi. Je, ni majengo yenu mangapi yamefika hapo? Ewe afisa unayesita kujibu, jibu unalo. Limo ndani ya ankara zilizolipwa, zikapigwa mhuri, zikafungiwa kabatini.

Itoe moja ya hospitali, uisome mstari kwa mstari. Chini ya uniti waweza kukuta tozo inayomwangukia mteja mkubwa ambaye mitambo yake huvuta umeme mwingi kuliko inaoufanyia kazi, kipimo cha uwiano huo (power factor) kikashuka chini ya 0.9. Kapasita za kurekebisha uwiano huo zikifungwa, tozo hukoma. Zisipofungwa, fedha ya dawa za wagonjwa inakwenda hivyo, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyeiba!

Mhasibu mwenye mishahara na zabuni mezani hawezi kuzipitia ankara za miaka mingi. Akili mnemba inaweza, tena kabla ya chai ya saa nne. Itasoma hata zilizopigwa picha, iunganishe kila mita na jengo lake, iyataje yaliyovuka kiwango, iifichue ofisi inayokula stima usiku wa manane sawa na mchana pale ankara inapotenganisha uniti za usiku na za mchana, na mita inayolipiwa ilhali idara ilihama zamani. Mwaka 2016 DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, ilitangaza kwamba mfumo wake umepunguza umeme wa kupoza vituo vya data vya Google kwa hadi asilimia 40. Ikiwa matajiri wale waliihangaikia bili yao, sisi tunaolipa kwa jasho la mama mboga tunangoja nini?

Lakini msiiabudu mashine! Huweza kubuni tarakimu kwa ujasiri uleule inaotajia za kweli. Kila takwimu ionyeshe ankara ilikotoka, mkaguzi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, aende akaone jengo kwa macho yake, na sahihi iwe ya binadamu anayeweza kuitwa kujibu.

Nanyi wawakilishi wadi, makadirio ya bajeti yanapaswa kuwafikia kufikia 30 Aprili. Msipitishe hata shilingi moja ya stima kabla hamjaona orodha ya mita zote za kaunti, na kando ya kila jengo linalohusika, tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho. Mkikuta pengo, simameni muulize ni afisa gani anayewajibika, na atalijaza lini.