Dhima ya Mchimbaji, Muuzaji na Mweka Akiba

Kusini ya mji wa Babati, katika njia iendayo Kondoa, iko Bonga, nchi ya wakulima wa mahindi na mbaazi. Na kaskazini ya mji huo, katika njia ya Arusha, yako machimbo ya Minjingu, yatoayo fosfati ya kurutubisha mashamba. Wachache wajua kuwa fosfati hiyo iligunduliwa mwaka wa 1956 na watu waliokuwa wakitafuta urani. Nayo urani imo kidogo katika jiwe lile hata leo. Jiwe halina dhambi. Basi dhambi yaanzia kwa nani?

Katika Katanga, nchi ya Kongo, machimbo ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nono kupita kiasi. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za jiwe hilo, na mwaka wa 1942 likauzwa kwa jeshi la Marekani. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliteketezwa kwa bomu la urani ya kilo 64 hivi. Na siku ya tatu yake Nagasaki, kwa plutoni ya kilo 6 tu. Mkongo aliyelipasua jiwe hakuambiwa liendako, na asiyejua hana lawama. Ama mwenye kujua, hukumu yake ni nyingine. Wanazuoni wa Kishafii wamesema kuwa kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa atazifanya mvinyo ni haramu, na akishukiwa tu ni makuruhu. Ikiwa hivi ndivyo kwa mvinyo, itakuwaje kwa moto usiochagua baina ya askari na mtoto anyonyaye?

Atasema msemaji: urani hiyo hiyo huwasha taa. Ni kweli. Itokapo ardhini, sehemu yake iwakayo haifiki moja katika mia; ikirutubishwa hata tatu au tano hutoa umeme, na ikifika tisini ni bomu. (Ajabu ya lugha, kuwa neno ni lile lile la mbolea!) Lakini duniani leo kuna zaidi ya tani 1,200 za urani iliyorutubishwa sana, nyingi yake Urusi na Marekani, na zaidi ya tani 500 za plutoni iliyotengwa. Wakaguzi wa kimataifa wa atomiki huhesabu kilo 8 za plutoni kuwa zatosha bomu moja. Mwenye hesabu na agawanye, kisha aulize taa gani yahitaji akiba hiyo.

Afrika Kusini iliyavunja mabomu yake 6 kwa hiari, ikatangaza mwaka wa 1993; na mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa Cairo mwaka wa 1996, ukaharimisha silaha hizo katika Afrika nzima tangu mwaka wa 2009. Hata hivyo urani iliyotolewa katika mabomu yale ilibaki ghalani.

Na sasa iko urani ya Mkuju, wilaya ya Namtumbo, iliyo mikononi mwa kampuni ya dola ya Urusi, yenye mabomu maelfu. Mwenye ardhi hawezi kudai ujinga aliokuwa nao Mkongo wa Shinkolobwe. Yampasa aulize, kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, tena apewe jibu kwa maandishi: jiwe hili laenda wapi?