KARAMA HAINUNULIWI!

Kijana mpendwa unayesoma karatasi hii,

Pengine umekuja mkutanoni kutazama miujiza tu. Umesikia watu wakinena kwa lugha, umeona wagonjwa wakiombewa, ukajiuliza: hawa watu nguvu hizi wanazitoa wapi? Na mimi naweza kuzipata?

Swali zuri! Hebu tumwangalie mtu mmoja aliyezitaka kabla yako.

Katika mji wa Samaria alikuwako mchawi, jina lake Simoni (Matendo 8). Wakubwa kwa wadogo walimsikiliza yeye. Filipo alipofika akihubiri Yesu, pepo wakatoka, viwete wakaponywa. Simoni naye akaamini, akabatizwa. Kisha Petro na Yohana wakaja kutoka Yerusalemu, wakawawekea watu mikono, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Simoni kuona hivyo, akatoa fedha! Alitaka auziwe uwezo ule.

Kumbe alidhani ni biashara! Alidhani nguvu ni za Petro, na kwamba Petro ana bei yake. Petro hakugusa hata senti moja. Alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, maana moyo wake haukuwa mnyofu. Akamtaka atubu.

Sasa sikiliza. Paulo alipowaandikia Wakorintho alitaja karama tisa: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, lugha, na tafsiri za lugha (1 Wakorintho 12). Ni tisa, lakini Mtoaji ni mmoja, Roho Mtakatifu. Anamgawia kila mtu kama apendavyo yeye, ili wengine wasaidike, siyo ili mtu ajulikane mtaani. Mhubiri ni bomba tu. Maji siyo ya bomba!

Kwa hiyo ukimwona mtu anauza upako, anauza maombi, kimbia! Huyo ni Simoni, hata kama amevaa suti na kushika Biblia.

Lakini ngoja, kijana. Usikimbilie karama ukamwacha Mtoaji. Yesu alisema siku ile wengi watajitetea kwamba walitoa unabii na kufukuza pepo kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mathayo 7). Ni hatari, ndugu yangu! Utafukuza pepo za wenzako, halafu wewe mwenyewe uachwe nje?

Anza na Yesu. Wokovu nao ni wa bure kwako, kwa sababu yeye aliulipia kwa damu yake msalabani. Huna nauli? Huna kiatu? Umelala disko jana? Njoo hivyo hivyo ulivyo. Sema naye sasa, kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Sina cha kukulipa. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, uingie moyoni mwangu. Nakutaka wewe kwanza, kabla ya nguvu zako. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Amina."

Umeomba hivyo? Usiondoke kimya kimya. Njoo mbele tuombe pamoja. Hakuna kiingilio!