Gololi Iliyobaki

Kazi huhesabiwa kuwa imekwisha pale inapoonekana kufaa, au pale aliyeifanya anapokuwa hana tena alijualo la kuficha? Sisi wa visiwani swali hili tumelijua kwa njia ya jahazi. Fundi wa Nungwi akishindilia kalafati, pamba yake iliyolowa mafuta huzama baina ya mbao na haionekani tena. Abiria huketi juu yake pasi na kuuliza. Bahari ndiyo iulizayo, nayo huuliza mbali na pwani.

Mimi swali hili lilinirudia mahala pasipo bahari, Sanya Juu, katika Wilaya ya Siha, magharibi ya Mlima Kilimanjaro, nilipokwenda kumzuru shemeji yangu. Gari lake, la mtumba kutoka Japani kama yalivyo mengi nchini, lilikuwa na ugonjwa: likipanda mlima, injini hunguruma na mwendo usiongezeke. Alishauriwa anunue giaboksi nyingine iliyokwishatumika. Bei ikamshinda, akaamua kuifungua ile ile mwenyewe, uani, juu ya turubai, hali hajapata kusomea ufundi wa magari.

Katika giaboksi ya otomatiki, kazi ambayo kwingine hufanywa na mkono na mguu wa dereva hufanywa na mafuta. Pampu huyasukuma katika vijia vyembamba vilivyopinda kama vichochoro vya Mji Mkongwe, vali huyaelekeza, nayo kwa shinikizo lake huzibana sahani za klachi, ili gia hii ishike na ile iachie. Ndani ya vijia hivyo hukaa gololi ndogo ndogo, zinazoyaruhusu mafuta kupita upande mmoja na kuyazuia upande wa pili. Shemeji aliyakuta mafuta meusi yenye harufu ya kuungua, na sahani zimebabuka. Lakini sahani hazikuwa chanzo. Chanzo kilikuwa mpira wa pistoni uliokuwa mgumu kwa uzee, ukavujisha mafuta. Shinikizo likapungua, sahani zikateleza, zikaungua. Angebadilisha sahani peke yake, mpya nazo zingeungua. Alibadilisha vyote viwili, akaziloweka sahani katika mafuta safi kabla ya kuzipanga, akafunga.

Gari likapanda barabara ya mlimani bila kulalama. Majirani walifurahi, kwani gari lile ndilo lililozoea kuwachukua wagonjwa wao usiku, wakiwemo waendao Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu 1926. Jioni ile, akimwaga mafuta ya taa aliyooshea vyuma, shemeji akaikuta chini ya beseni gololi moja, sawa na punje ya mbaazi.

"Gari si linakwenda?" nikamwambia.

"Linakwenda, shemeji," akajibu, "ila mimi sijamaliza."

Nilimbishia. Kama kila shaka ingetulazimu kufungua upya, nilisema, hakuna jahazi ambalo lingetweka tanga wala kitabu ambacho kingepigwa chapa. Hoja ilikuwa na uzito wake, ila haikulihusu jambo lililokuwa mbele yetu. Shaka ni jambo moja, na gololi mkononi ni jambo jingine. Kosa nisilolijua ni upungufu wangu, na wanadamu husameheana upungufu. Kosa nilijualo, nikalifunika, nimelitoa mikononi mwangu na kulitia katika safari ya mtu asiye na habari. Mgonjwa anayepakiwa usiku wa manane hawezi kuuliza juu ya gololi. Kwa kuwa yeye hawezi kuuliza, fundi hulazimika kujiuliza kwa niaba yake.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilianza pale asiyesomea alipothubutu kufungua. Hilo silikubali. Neno fundi lina udugu na kufunda, na aliyekosa wa kumfunda hujifunda kwa kufungua na kufunga. Lakini haki hiyo ina sharti lake: awe tayari kufungua mara ya pili, hata baada ya kusifiwa.

Kesho yake shemeji alilala chini ya gari akafungua sampo, na sehemu ya mafuta mapya ikamwagika ardhini pamoja na fedha yake. Alilinganisha vijia na mchoro alioufanya juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akakiona kishimo kitupu. Kumbe ule mshtuko mdogo wakati wa kubadilika gia, ambao sote tuliudhania kuwa ni ugeni wa sahani, ulitoka hapo.

Nami nimefasiri mashairi miaka mingi bila ya kufundwa na mtu. Katika mojawapo liko neno moja dogo la mtunzi, neno la "labda", nililoliacha kwa kuwa lilivunja mizani yangu. Tafsiri ikapigwa chapa, ikasifiwa, na hakuna aliyeuliza. Mtunzi amekwisha kufariki, na msomaji wangu haijui lugha yake. Wote wawili wamo garini usiku. Mtu aliyesema kwa shaka nimemsemesha kwa yakini, na nilijua nilipokuwa nikifanya hivyo.

Tangu niliporudi kutoka Sanya Juu nimelifungua tena shairi lile. Mizani bado inanikatalia, na huenda ikabidi ubeti mzima ubomolewe. Neno lenyewe nimeliandika pembeni mwa karatasi, nilione kila ninapoketi.