Mwenye Baraza na Maneno ya Watu

Katika mji wa Ujiji, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo pwani kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, na ambao watu wake, Wajiji na Waha, Wamanyema na Wabembe, na Waarabu waliolowea, walikutanishwa na biashara kabla ya kuunganishwa na udugu, baraza la nyumba lilikuwa, na lingali, mahali ambapo mtu hupimwa kwa ulimi wake. Waliozoea kuketi juu ya mikeka ile baada ya swala ya alasiri, birika la kahawa likizunguka na kashata zikipita mkono kwa mkono, hawabishani kwamba kila mgeni ana haki ya kunena. Wanalobishania ni kama mwenye baraza naye ana haki ya kumkatiza.

Wako wasemao kuwa hana, kwa hoja kwamba neno ni la aliyelisema na dhambi yake imo shingoni mwake peke yake. Hoja hii ina heshima yake, kwani inamwachia mwanadamu hiari aliyopewa na Mola wake. Illa mimi siikubali, na sababu naipata kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake Ihya, alipoyaandika maafa ya ulimi na kuyahesabu hata yakatimia 20, alimtia msikilizaji wa masengenyo katika ushirika wa msengenyaji, isipokuwa ayakataze kwa kauli, au aondoke, au ageuze mazungumzo, au, akiwa na hofu, ayachukie moyoni. Ikiwa hukumu ya mgeni aliyenyamaza ndiyo hiyo, sembuse mwenye mkeka na kahawa, ambaye watu wamekusanyika kwa ajili ya jina lake, na ambaye neno likitoka kwake huenda hadi sokoni likiitwa neno la barazani kwa fulani?

Basi haki ya kukatiza anayo, tena ni faradhi juu yake. Lakini hapo ndipo mtihani unapoanza, maana nafsi hutangulia mbele ya insafu, na mtu aliyepewa mamlaka juu ya ndimi za wenziwe huwa mwepesi wa kuyaita matusi yale yamchomayo na kuyaita hekima yale yamsifuyo.

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hawatoki, kwa kuwa taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki mbele ya mwanga wa mwezi. Nyavu huanikwa ufukweni Kibirizi, na vijana wasio na kazi usiku hujaa mabarazani. Katika usiku wa namna hiyo nilimsikia baharia mmoja akieleza, kwa sauti ya chini na bila tusi hata moja, kwamba tajiri wa chombo chao alikata gharama za mafuta na nyavu kabla ya kugawa mapato, kisha akazikata tena katika mafungu ya mabaharia. Tajiri hakuwapo, naye alikuwa shemeji yake mwenye baraza. Kabla kijana hajamaliza, mwenye baraza aliinua mkono akasema, "Mwanangu, hapa hatusengenyi watu." Kijana akanyamaza. Haukupita muda, mzee mwingine akaleta dhihaka juu ya ndoa ya tajiri yuleyule, watu wakacheka, na mwenye baraza akacheka pamoja nao.

Nimelitafakari jambo lile sana. Ghazali huyohuyo alitoa nyudhuru 6 za kumtaja mtu kwa ghaibu, na wa kwanza ni wa mdhulumiwa anayepeleka mashitaka yake kwa mwenye uwezo wa kumrudishia haki. Kijana yule alikuwa na udhuru; mzee wa dhihaka hakuwa nao. Kilichomfanya mwenye baraza aligeuze jambo juu chini si uchaji, bali ni kwamba shitaka lilimtaka ainuke akaseme na shemeji yake, na dhihaka haikumtaka kitu. Aghalabu neno tunalolifukuza kwa jina la adabu ndilo linalotudai amali.

Wenye magazeti nao waliupata mtihani huu. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji hata watu wa maziwani wakajuana kwa majina na watu wa pwani ambao hawakupata kuonana nao. Fadhila hiyo siikanushi. Lakini mwenye gazeti alikuwa mtawala mwenyewe, na shitaka juu ya mwenye nyumba huwa zito kuingia nyumbani mwake. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa mwenye duka Dar es Salaam, akaanzisha gazeti lake, Kwetu, na manung'uniko ya wanyonge yakapata pa kukaa. Shitaka lililofungiwa mlango halifi. Hutafuta baraza jingine, nalo hufika huko likiwa na ghadhabu zaidi.

Kwa hiyo naona mwenye baraza ayaruhusu maneno yanayomgusa yeye, hata yakiwa machungu, maana yupo na anaweza kujibu. Na awe mkali kwa yale yanayomwangukia asiyekuwapo. Surat al-Hujurat, iliyokataza dhihaka, lakabu mbaya na usengenyi, ndiyo hiyohiyo iliyoamrisha habari ihakikishwe kabla watu hawajadhuriwa kwayo, na kuhakikisha hakuwezekani pasipo kusikiliza. Akatizwaye naye aambiwe sababu palepale, mbele ya wenziwe, asiende zake akidhani amechukiwa.

Nanyi wenye mabaraza wa Ujiji, wa Gungu na Mwanga, mwezi mwingine ukijaa na vyombo vikilala ufukweni, mpelekeeni tajiri mwaliko aje aketi mkekani, mmiminieni kahawa, kisha mwacheni baharia aseme mpaka amalize.