Jibu Ambalo Mwenye Jina Hakulitoa

Anwani za zamani za intaneti, IPv4, zina biti 32 na jumla yake haifiki bilioni 4.3, zile mpya, IPv6, zina biti 128. Simu iliyo kwenye mtandao wa IPv6 pekee haiwezi kuifikia moja kwa moja seva yenye anwani ya zamani tu. Kanuni zilizotolewa Aprili 2011 ziliweka wakalimani wawili: NAT64, inayogeuza pakiti zenyewe, na DNS64, inayounda jibu la anwani simu inapouliza jina la tovuti. Hapo ndipo swali la kifalsafa linapoanzia: jibu ambalo mwenye jina hakulitoa laweza kuwa la kweli?

Simu ikiuliza anwani mpya ya jina fulani, DNS64 huanza kwa kumuuliza mwenye jina. Anwani mpya ikiwepo, huipitisha jinsi ilivyo. Jina likiwa halipo kabisa, husema halipo. Ni pale jina lenye anwani ya zamani tu linapoulizwa ndipo hutunga: 192.0.2.33 huwa 64:ff9b::c000:221, yaani namba zilezile katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, zikitanguliwa na kiambishi kinachojulikana. Mwenye jina hakuiandika anwani hiyo popote, lakini pakiti ikielekezwa huko, NAT64 huipokea na kuifikisha.

Mtakatifu Augustino alihusisha uongo na nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho DNS64 haina hatia. Ila kwa msikilizaji nia njema haitoshi. DNSSEC hutia sahihi ya kidijitali kwenye maneno ya mwenye jina, na jibu la kutungwa halina sahihi hiyo. Kifaa kinachojikagulia hulikataa, tena kwa haki, kwa kuwa hakina njia ya kumtofautisha mkalimani na mwizi.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad waliujua mgogoro huu mapema. Huko Basra, Ibn Sirin alishikilia maneno yaleyale yaliyosikika, ilhali Hasan al-Basri aliruhusu kusimulia kwa maana. Walioruhusu walimtaka msimulizi ajue vema kinachogeuza maana. DNS64 inayokagua sahihi nayo ina sharti lake, na ni sharti zuri: kabla ya kutunga, lazima ithibitishe kwamba anwani mpya kweli haipo, isije ikaziba kauli halali kwa kauli yake.

Njia iliyo safi zaidi humwachia msikilizaji tafsiri. Tangu 2013 kuna utaratibu ambapo kifaa huuliza anwani mpya ya ipv4only.arpa, jina lisilo na anwani hiyo. Jibu likija, limetungwa na DNS64, na hivyo kiambishi cha mtandao kimefichuka. Kisha kifaa huomba anwani ya zamani pamoja na sahihi yake, huikagua, na kuunda anwani mpya chenyewe. Neno la mwenye jina hubaki zima. Kinachosalia kuaminiwa ni kiambishi, kwa maana anayekighushi huzivuta pakiti zote za tafsiri zipitie kwake.