Tukunje Mwili au Tukunje Mkao?

Mwaka jana nilikuwa Kahama kwa kazi. Nilitumwa kuandika habari za akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu, wale wanaokaa chini tangu alfajiri, nyundo mkono wa kulia, kipande cha mpira wa tairi mkono wa kushoto kuzuia jiwe lisiruke, wakilipwa kwa ndoo. Habari ilitoka, ikasomwa siku moja, ikasahaulika. Kilichobaki kichwani mwangu ni kitu ambacho hakikuwamo kwenye habari ile.

Kuna dada mmoja pale, mtaalamu wa fiziotherapia, aliyekuwa akiwakusanya akina mama kama kumi na wawili kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kuazima. Anawafundisha yoga. Neno lenyewe halitaji sana, maana kwa wengi yoga ni ibada ya Wahindi, na mchungaji au shehe akisikia itakuwa kesi. Yeye husema "mazoezi ya viungo na pumzi". Mikeka ni ile ya nyumbani, na salamu ya kufungulia darasa ni mwangaluka.

Siku niliyoingia, darasa lilikuwa kwenye mkao wa mtoto. Unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mpaka paji la uso linagusa chini. Vitabuni huo ni mkao wa kupumzika. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu hakuuweza. Goti la kulia lilikataa kukunjika, akabaki makalio juu, akicheka kwa aibu. Nilidhani mwalimu atamkandamiza mgongoni, kwa sababu ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Kumbe wapi. Alichuchumaa pembeni yake akamuuliza, "Mayu, linauma wapi? Mbele, nyuma, au ndani kabisa?"

Mama akajibu, "Mwanangu, goti hili limewapigia wakwe magoti miaka thelathini. Leo na wewe unataka lipige tena?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi niliacha kuandika.

Nilisema ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, darasa fulani la yoga Dar es Salaam. Tulikuwa tumekaa, miguu imenyooshwa mbele, tunainama kushika vidole vya miguu. Vyangu sikuvifikia. Mwalimu akaja nyuma yangu, akaweka viganja viwili mgongoni, akasukuma, akitania eti samaki mkunje angali mbichi. Nilisikia kitu kikivutika chini ya kiuno. Kwa miezi miwili sikuweza kukaa kwenye kiti cha ofisini zaidi ya nusu saa. Na ajabu ni kwamba jioni ile nilimwomba mwalimu radhi. Niliamini kwamba mwili wangu ndio uliokosea.

Swali langu basi ni hili, na naomba usilichukulie kama swali la jimu peke yake: mwili ukishindwa kuingia kwenye umbo lililowekwa, nani kakosea?

Sayansi ya mwendo wa mwili ina jibu la kuanzia. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mtu mmoja kikombe hicho ni kirefu, kwa mwingine kifupi. Kwa mmoja kimeelekea mbele, kwa mwingine pembeni. Shingo ya mfupa wenyewe wa paja nayo ina pembe tofauti kwa kila mtu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuchuchumaa bega kwa bega, mmoja akafika chini kabisa na mwenzake akaishia njiani, na aliyeishia njiani asiwe mvivu wala mgumu wa misuli. Mfupa wake umegota kwenye mfupa. Msuli unaweza kurefushwa kwa mazoezi ya miezi, lakini mfupa haubembelezwi. Ndiyo maana yule dada aliuliza linauma wapi kabla ya kugusa chochote.

Hata mwili unaofanya maajabu haufanyi maajabu kwa wote. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanaobeba mizigo kwa kichwa au kwa kamba ya kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa kama asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Dunia ikashangilia: mwanamke wa Kiafrika kagundua siri! Baadaye watafiti wengine wakawapima wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini. Siri ile hawakuiona kwa wote. Waliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na shingo zinazouma. Yaani hata "mwanamke wa Kiafrika" ni mkao. Kuna wanaouweza na kuna unaowaumiza.

Karibu zaidi na Kahama kuna Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, jirani na Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa kumi kwa siku, muda unaofanana na wetu sisi wa viti. Tofauti ni namna wanavyopumzika: mara nyingi wanachuchumaa au wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo. Niliposoma hivyo nilitaka kuandika mara moja kwamba viti vitupwe, wote tuchuchumae kama mababu. Kisha nikamkumbuka mama wa goti. Kuchuchumaa kwa Mhadzabe ni kwa mwili uliochuchumaa tangu utotoni, na anainuka akitaka. Ukimpa mkao huo mtu aliyeshinda sakafuni akiponda mawe kwa kulazimika, umempa adhabu ya pili.

Sasa kuna pingamizi, na si la kipuuzi. Ukianza kuubadilisha mkao kwa kila mtu, utabaki na nini? Leo unaweka mto, kesho kiti, keshokutwa mtu analala kitandani na kusema anafanya yoga. Mila isiyo na umbo huyeyuka.

Jibu la kwanza liko kwenye historia ya yoga yenyewe. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa India mwaka 1918, alikuwa mtoto mgonjwa aliyeugua hata kifua kikuu. Alikuja kuwa mwalimu mkali sana wa usahihi wa mikao, kitabu chake cha mwaka 1966 kikaenea duniani. Na ni huyo huyo mkali aliyeeneza matumizi ya vipande vya mbao, mikanda, kamba na viti, ili mgonjwa na mzee nao waufikie mkao. Kwake ukali na huruma havikugombana. Alichokilinda ni kazi ya mkao ndani ya mwili.

Jibu la pili liko nyumbani kwetu. Mimi ni binti wa Kisukuma, nimefundishwa kupiga magoti kusalimia wakubwa. Lakini hakuna hata siku moja nilipomwona mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani akiambiwa apige magoti mpaka chini. Anakunja goti kidogo tu, anasalimia, anaitikiwa, anapita. Bibi mwenye miguu mibovu hainuki hata kwenye kigoda chake. Heshima imefika. Ndugu zetu Waislamu wanajua vizuri zaidi: asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, na swala yake ni swala. Hakuna anayesema dini imeyeyuka. Mila zilizokomaa zilishajua zamani kwamba umbo ni chombo, na kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Aristotle naye aliligusa hili alipoandika juu ya haki. Alisema sheria ya jumla haiwezi kuenea kila jambo, hivyo anahitajika mtu wa kuirekebisha inapofika kwenye tukio lenyewe. Akatoa mfano wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos waliokuwa na rula ya risasi, ile madini laini, inayojipinda kufuata umbo la jiwe. Nimependa kwamba ni jiwe. Kule Kahama jiwe hupondwa mpaka litoshe kwenye karai. Fundi wa Lesbos alipinda rula.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa insha yenye amani. Tatizo ni Jumatatu.

Jumamosi ile mwalimu alimaliza shughuli ya goti hivi: alimketisha mama kwenye stuli, akaweka benchi mbele yake, juu ya benchi kanga iliyokunjwa. Mama akainama, akalaza paji la uso juu ya mikono, akavuta pumzi pole pole. Mgongo umepumzika, kichwa kimeshuka, goti halijaguswa. Mkao wa mtoto ule ule. Baada ya dakika tano alikuwa anakoroma.

Jumatatu nilimkuta kazini kwake, amekaa chini, mgongo umepinda, nyundo inapanda na kushuka. Aliponiona akasema, "Mwanangu, ule mkao wa stuli, mwalimu hawezi kuja kumfundisha mwenye karasha?"

Nilimwendea mwenye eneo. Nikamweleza nilichoelezwa na yule dada: mtu akikaa ameinama muda mrefu, kano za mgongo hulegea taratibu na hazirudi mara moja anapoinuka, kwa hiyo kubeba ndoo ya mawe papo hapo ni hatari zaidi. Nikauliza kama inawezekana jiwe la kupondea likainuliwa kidogo, na viwepo vigoda. Akanitazama kwa upole kabisa. "Hao wamezoea," akasema.

Wamezoea. Neno hili nimelala nalo usiku mwingi. Kiswahili kimeliweka zoezi na zoea kwenye mzizi mmoja, na sayansi inakubaliana nacho: mwili hubadilika kufuata kile unachoupa kila siku, uwe umeupa yoga au nyundo. Lakini kuzoea si kukubali. Mwili unaweza kuzoea dhuluma kwa ustadi mkubwa sana, na mtazamaji akauita ustadi ule ridhaa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo hasa. Darasa la Jumamosi linaweza kuwa huruma, na linaweza pia kuwa grisi: tunamlainisha mama ili Jumatatu aingie vizuri zaidi kwenye mashine ile ile. Nilimuuliza mwalimu hivyo, kwa ukali kidogo. Hakukasirika. Alisema analijua hilo, na kwamba akiacha darasa kwa sababu ya hilo, goti litauma vile vile na Jumatatu itakuja vile vile. "Ila tangu nianze kuwauliza wapi panauma," akasema, "na wao wameanza kuuliza."

Ni kweli. Akina mama wawili walipanga matofali, wakaliinua jiwe lao la kupondea, wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Mmoja alisema kiuno kimepona. Mwingine aliona jiwe linateleza, ndoo zake zinapungua, na akarudi chini kwa hiari yake. Nilitamani wote wawili wapone ili insha yangu inyooke. Lakini ningekuwa nafanya kosa lile lile la mwalimu wangu wa Dar es Salaam, kusukuma migongo ya watu waingie kwenye umbo langu zuri.

Mama wa goti bado anakwenda Jumamosi. Bado anakaa kwenye stuli. Mwenye karasha hajanunua kigoda hata kimoja. Nimempigia simu mara tatu, na nitampigia tena.