Mchelea Mwana Kulia

Wahenga wetu walisema: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Zamani methali hii ilimhusu mama aliyeogopa kumnyang'anya mtoto kisu kwa kuhofia machozi yake. Siku hizi twaiona ikitimia kwa namna nyingine. Mtoto akilia ndani ya basi, hupewa simu. Akikataa uji, huwashiwa katuni ndipo afungue kinywa. Wageni wakija, hupewa simu ili asisumbue. Hata kanisani, Padre akihubiri, twaona mwanga wa kioo ukimulika uso wa mtoto wa miaka miwili aliyepakatwa na mama yake. Naam, mtoto hunyamaza mara moja, na wazazi hupumua. Lakini yatupasa kuuliza: Je, mtoto huyo ametulizwa, au amenyamazishwa tu? Na kimya hicho kitalipwa na nani?

Twalileta neno hili wiki hii kwa kuwa Noeli yakaribia, shule zafungwa, na wazazi wengi wafikiri zawadi gani wawape watoto wao. Wengine wamekwisha kuweka akiba ya simu au kishikwambi. Ni vema wasome maneno haya kabla ya kwenda dukani.

Mtu asidhani kwamba Kanisa lachukia vyombo vipya. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI aliandika waraka juu ya sinema. Mwaka 1957 Pio XII aliandika juu ya sinema, redio na televisheni. Tena Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivipokea vyombo vya upashanaji habari kuwa ni matunda ya akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu. Lakini papo hapo ukawakumbusha wazazi wajibu wao wa kuangalia ni kitu gani kinachoingia nyumbani mwao. Wakati ule televisheni ilikuwa haijafika kwetu Tanzania Bara. Ilianza mwaka 1994. Nayo ilikuwa moja tu sebuleni, na kila mtu aliona kinachotazamwa. Chombo cha leo huingia mfukoni, hulala chini ya mto, na mtoto hukitazama peke yake. Basi wajibu ule uliotajwa na Mtaguso haukupungua, umezidi.

Tazameni pia mfano wa Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Baba Mtakatifu Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Kijana huyu, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alikuwa fundi hodari wa kompyuta, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi Takatifu. Lakini yasimuliwa kwamba michezo ya kompyuta, ingawa aliipenda, alijiwekea kiasi cha saa moja tu kwa wiki. Chombo kilikuwa mtumishi wake, wala hakikuwa bwana wake.

Sasa tusikilize waganga wasemavyo. Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo hata kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja, haishauriwi. Mtoto wa miaka miwili, mitatu na minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo wasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne ahitaji kuchezesha mwili wake muda wa saa tatu kila siku. Tena mtoto wa miaka mitatu au minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13. Mzazi na ahesabu mwenyewe: saa ambazo mtoto amekaa kitako akitazama katuni zimetolewa wapi? Zimetolewa katika mchezo, katika usingizi na katika mazungumzo. Hapana fungu jingine la kuzitolea.

Tuanze na mazungumzo, maana hapo ndipo hasara ilipo kubwa, na haionekani upesi. Wako wazazi wanaosema: "Mwanangu ajifunza lugha kwa simu, azijua rangi zote kwa Kiingereza." Basi wasikie jaribio lililofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu mjini Seattle, Marekani, na kutangazwa mwaka 2003. Waliwachukua watoto wachanga wa Kimarekani, wa miezi kama tisa, wakawasikilizisha Kichina. Wengine walikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao; wengine waliletewa mtu yule yule, na maneno yale yale, kwa televisheni. Baada ya vipindi 12 walipimwa. Waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina. Waliotazama televisheni walikuwa sawa na watoto ambao hawajapata kusikia Kichina kamwe.

Kwa nini? Kwa sababu mtoto mchanga hajifunzi kwa kumiminiwa sauti kama mtungi unaojazwa maji. Hujifunza kwa kuitikiwa. Yeye hutoa sauti, mama hujibu. Huonyesha kidole, baba hutaja jina la kitu. Hucheka, nao hucheka. Bibi zetu hawakusoma vitabu vya wataalamu, lakini walilijua jambo hili. Nani aliyepata kusikia hadithi ya bibi bila kwanza kuitikia "Hadithi njoo"? Na kitawili hakitegwi mpaka watoto waseme "Tega!" Chombo hakingoji kuitikiwa. Chasema tu, mtoto awe amefahamu au hakufahamu, awe anacheka au anasinzia. Mtoto aliyelelewa na chombo kisichomjibu, tusistaajabu akichelewa kusema. Wala tusistaajabu, akiisha kukua, akiwa hajui kumtazama mtu usoni na kumwamkia.

Tuje kwenye macho na usingizi. Mwanga wa kioo wakati wa usiku huuchelewesha mwili kujua kwamba kumekucha au kumekuchwa, na usingizi hukawia. Mtoto akilala saa tano za usiku na kuamshwa alfajiri aende shule, mwalimu atamwona mzito wa akili, kumbe ni mchovu tu. Habari za macho nazo ni hizi: huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule kadhaa waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, katika kila watoto 100 wa shule hizo, wapata 30 walikuwa wameanza kushindwa kuona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza muda huo, walikaribia 40. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015. Ulinzi huo haukuhitaji dawa wala miwani. Ulikuwa jua la Mungu na uwanja. Nasi, tuliojaliwa jua kila mwezi wa mwaka, je, tutawafungia watoto ndani? Rede, kombolela, mdako na mpira wa makaratasi si upuuzi wa watoto wasio na kazi. Humo mtoto hujifunza kukimbia, kungoja zamu yake, kushindwa bila kupigana, na kupatana na mwenzake jua lisijatua.

Lakini mtoto si macho na ubongo tu. Anayo roho isiyokufa, nayo yahitaji kimya. Tumkumbuke kijana Samweli, aliyelala hekaluni usiku akaisikia sauti ya Mungu ikimwita kwa jina lake. Mara ya kwanza hakuifahamu. Alimkimbilia mzee Eli, naye Eli mwishowe akamfundisha namna ya kuitikia. Samweli wa siku hizi ataisikiaje sauti hiyo, ikiwa masikio yake hayana nafasi hata usiku wa manane? Na akiisikia, amkimbilie nani, ikiwa Eli naye ameinamia simu yake? Tena tusisahau kwamba Eli huyo huyo alikemewa na Mungu kwa kuwa aliyajua maovu ya wanawe, wala hakuwazuia. Kosa lake halikuwa ukatili. Kosa lake lilikuwa ulegevu.

Kwa vijana wakubwa hatari ni nyingine. Katika chombo hicho hupita picha chafu, kamari, na watu wasiojulikana wanaojifanya marafiki. Mzazi mwema hamruhusu mgeni asiyemjua aingie chumbani mwa binti yake usiku. Mbona amruhusu aingie kwa njia ya simu? Nchi nyingine zimeanza kuamka. Bunge la Australia lilipitisha sheria mwezi wa Novemba 2024, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Twaisifu nia hiyo. Lakini hapana sheria ya serikali yo yote iwezayo kukaa mezani pa familia. Hapo Mungu ameweka baba na mama.

Pengine mama mmoja atatujibu: "Ninyi mwasema tu. Mimi naamka saa kumi, nateka maji, nachuuza mboga hadi jioni. Nikirudi nipike, nifue, na mtoto analia mgongoni. Simu yanisaidia." Hatumlaumu mama huyu. Twamwonea huruma, nasi twajua kwamba dakika chache za katuni hazitamwangamiza mtoto wake. Swali letu twalielekeza kwingine: Baba wa mtoto huyo yuko wapi saa hiyo? Je, hayuko kibandani akitazama mpira? Na jirani zake, wanajumuiya wenzake, wako wapi? Zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Palikuwa na shangazi, bibi na dada wakubwa. Simu imekikalia kigoda tulichokiacha wazi sisi watu wazima. Haitaondoka mpaka turudi tukikalie.

Mwingine atasema: "Wenzake wote wanayo, mwanangu ataonekana mshamba." Jibu letu ni fupi. Bwana wetu Yesu Kristo alisema kwamba hapana baba ampaye mwanawe nyoka akiombwa samaki. Lakini itakuwaje mtoto akimwomba baba nyoka, kwa kuwa wenzake wote wanaye? Baba mwenye upendo atamnyima, naye mtoto atalia, na mapenzi hayatapungua.

Basi, tufanye nini? Twatoa mashauri manne, yasiyohitaji fedha.

Kwanza, mtoto asiyetimiza miaka miwili asipewe kioo kuwa mlezi wake. Akilia, atazamwe analilia nini: njaa, usingizi, homa, au kupakatwa tu.

Pili, wakati wa chakula na wakati wa sala ya jioni simu zote ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alisikitika kwamba chombo kilichobuniwa kuwakaribisha watu kimewatenga walioketi meza moja. Mtoto hushika atendewavyo na aonavyo kuliko aambiwavyo.

Tatu, chombo kisilale chumbani mwa mtoto. Mwenye umri wa kukitumia kwa masomo akitumie sebuleni, watu wakiona, na kazi ikiisha kirudishwe.

Nne, tuwarudishie watoto tulivyowanyang'anya: uwanja, hadithi, kazi ndogo za nyumbani, na masikio yetu. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kufanya jambo hili likizo hii: kila Jumamosi alasiri wakusanye watoto wa mtaa, mzee mmoja awahadithie, mwingine awasimamie mchezo, kisha wasali pamoja fungu moja la Rozari. Kumwondolea mtoto simu bila kumpa kitu badala yake ni kumwadhibu, wala si kumlea.

Wazazi wapendwa, siku mlipomleta mtoto kisimani mwa Ubatizo, Kanisa liliwauliza kama mwajua wajibu mnaojitwalia wa kumlea katika imani, nanyi mkajibu kwamba mwajua. Amri ya Nne huwadai watoto heshima. Lakini Kanisa limefundisha sikuzote kwamba huwadai wazazi pia malezi. Deni hilo haliwezi kulipwa kwa bando.

Huko Nazareti Mwana wa Mungu aliishi miaka mingi iliyofichika, akiwatii Maria na Yosefu, akiongezeka katika hekima na kimo. Hatusomi kwamba nyumba ile ilikuwa na mali. Twajua tu kwamba alikuwako mama aliyeyaweka mambo yote moyoni, na baba aliyefanya kazi mbele ya macho ya mtoto. Vitu hivyo viwili hata fukara wa mwisho aweza kuwapa wanawe Noeli hii. Familia Takatifu iwaombee wazazi wetu wote, wapate moyo wa kuyastahimili machozi ya watoto leo, wasije wakalia wenyewe kesho.